Mkula, kijiji cha maji ya Udzungwa

Basi la kwenda Ifakara likishavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu halina sababu ya kusimama Mkula, labda abiria apaze sauti aseme "Shusha!" Lami imebadilisha safari ya bonde hili. Zile kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara, ambazo wakati wa kiangazi zilikuwa vumbi tupu na wakati wa masika zilikuwa tope la kulala nalo njiani, sasa mtu anaweza kuzimaliza akiwa amesinzia. Akizinduka yuko Kibaoni mjini Ifakara, na vijiji vyote vya chini ya mlima vimeshampita.

Watalii nao wana mkondo wao. Wanakuja Mang'ula, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wanapanda maporomoko ya Sanje, wanapiga picha, jioni wanarudi Mikumi kulala. Mkula iko katikati ya safari zote hizi na haihesabiki katika hata moja. Naona hilo ni kosa. Anayetaka kuujua mlima wa Udzungwa angeanza na kijiji kinachokunywa maji yake, kinacholima kwa maji yake, na ambacho kimelipa gharama ili maji hayo yaendelee kushuka. Siku moja ya Julai inatosha kuanza, ilimradi mtu akubali kutembea kwa miguu na kuuliza maswali.

Julai ni mwezi mzuri wa kuja. Mvua zimekwisha, barabara za ndani zimekauka, na asubuhi kuna ubaridi wa kutosha kuwafanya watu wajitande khanga mbili. Barabara kuu inakwenda sambamba na mlima, na kwa nyumba za upande wa magharibi, miti ya msituni inaanza muda mfupi tu baada ya migomba. Upande wa mashariki nchi imelala: mpunga, miwa, reli ya TAZARA, msitu wa Magombera, kisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Jua linachomoza kutoka tambarare hiyo na kuumulika mlima usoni. Kwa saa moja au mbili za kwanza unaweza kuuona mti mmoja mmoja mpaka juu, mashina meupe yakisimama kwenye kijani. Mchana mawingu hushuka, na sehemu ya juu ya mlima haionekani tena.

Nilianzia kwenye vitumbua. Mama aliyekuwa akiviuza kando ya barabara alikuwa ameinamia chuma chake chenye vishimo, akitia mafuta kidogo kidogo kwa kijiko, akivigeuza kwa kijiti kabla upande wa chini haujaungua. Hapa kitumbua ni cha mchele wa hapahapa, uliolowekwa usiku na kusagwa, wenye iliki inayosikika tangu mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Unaelekea Sanje?"

"Hapana, nimekuja hapa Mkula."

Alinitazama vizuri. "Mkula kuna nani wako?"

Swali hilo lilinirudia mara kadhaa siku ile, kutoka kwa watu tofauti, na halikuwa na ubaya. Kwa wakazi wa hapa, mgeni asiye na ndugu kijijini ni mtu wa mlimani au mtu wa mradi. Mtu wa kuja tu kukitazama kijiji bado hajazoeleka. Nilipomwambia nataka kuona maji yanapoanzia, alimwita kijana mmoja aliyekuwa akisubiri abiria wa bodaboda, akamwagiza anipeleke, na akakataa nilipie kitumbua cha nne.

Maji yanaanzia kwenye banio. Hilo ndilo jina la ile kazi ya zege inayokinga mto chini ya mlima, inayoyainua maji kidogo na kuyaelekeza kwenye mfereji mkuu wa skimu ya umwagiliaji ya Mkula. Kutoka hapo mfereji unagawanyika, na kila tawi lina geti lake la chuma ambalo mtu hulipandisha au kulishusha kulingana na zamu. Maji ni baridi na maangavu, changarawe zinahesabika. Sehemu za chini watoto walikuwa wakioga, na kina mama wawili walikuwa wameanika nguo juu ya majani ya kando.

Katika sehemu kubwa ya Bonde la Kilombero, mpunga hutegemea mvua na mafuriko. Ukitoka hapa ukaenda upande wa pili wa Ifakara mwezi huu utakuta mabua makavu na ng'ombe wakichungwa ndani ya mashamba. Kwenye skimu ya Mkula, Julai hiyohiyo, majaruba mengine yana mpunga wa kijani unaofika magotini. Sababu iko juu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukisafiri na unyevu wake unakutana na ukuta wa Udzungwa, unalazimika kupanda, unapoa, na mvua inanyesha upande huu wa mashariki. Msitu unaipokea. Majani yanaivunja kasi, udongo wenye mboji unaifyonza na kuiachia polepole, ndiyo maana mito inayoshuka huku haikauki masika yakiisha. Msitu wa Mwanihana, ulio juu ya vijiji hivi, una sifa ambayo ni adimu Afrika Mashariki nzima: umefunika mlima bila kukatika, kutoka karibu na usawa wa mashamba hadi kwenye vilele. Mahali pengi katika safu hii ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa Udzungwa, misitu ya chini ilishafyekwa zamani na kubaki ya juu tu.

Kwa hiyo unaposimama kwenye banio la Mkula unasimama mahali ambapo msitu unageuka kuwa chakula. Siwezi kulieleza kwa njia nyingine.

Kwenye jaruba moja, kina mama watano walikuwa wakipandikiza. Niliomba ruhusa ya kukaa kwenye tuta nikatazama kwa muda mrefu, na ninashauri kila mgeni afanye hivyo. Kamba ilikuwa imevutwa kutoka ukingo hadi ukingo, yenye alama kila baada ya sentimita 25. Kila penye alama mtu anachomeka mche mmoja. Mche wenyewe ni mdogo kiasi cha kutia shaka: una majani mawili, siku nane hadi kumi na mbili tangu uote, na mbegu yake bado imening'inia kwenye mzizi. Mpandaji anaushika kwa kidole gumba na cha shahada, anautelezesha kwenye tope kwa ulalo ili mzizi usikunjamane, kisha anaupita. Hausindiliwi. Wakimaliza mstari, watu wa pembeni wanaisogeza kamba, na mstari mwingine unaanza.

Hicho ni kilimo shadidi. Wazee walipanda miche ya mwezi mzima, mitatu au minne kwa shimo, na jaruba likaachwa limejaa maji mpaka karibu na kuvuna. Katika kilimo shadidi maji huingizwa, kisha huachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka, ndipo huingizwa tena. Mizizi inapata hewa, shina moja linachipua mengi, mbegu inatumika kidogo sana. Kazi yake ni palizi, kwa sababu jaruba lisilofurika huota magugu. Na kazi hiyo, kama nyingi za mpunga, inawaangukia zaidi wanawake. Lakini kwa skimu inayogawana mto mmoja, mpunga usiodai maji kila siku unamaanisha kwamba wa mwisho kwenye mfereji naye atapata zamu yake, hata Septemba na Oktoba mto unapopungua. Ugomvi wa maji haupungui kwa hotuba. Unapungua maji yakitosha.

Mbegu iliyotawala kwenye umwagiliaji ni SARO 5, au TXD 306 kwa jina lake la vitabuni, iliyotolewa mwaka 2002 na watafiti wa kituo cha KATRIN kilichoko Ifakara, ambacho leo ni TARI Ifakara. Ni ya muda mfupi kuliko mbegu ya Supa, inazaa zaidi, na ina harufu kiasi. Supa, kwa upande wake, inasifiwa kwa harufu na ladha, na ndiyo iliyoupa mchele wa Kilombero jina lake kwenye soko la Kariakoo. Ukitaka kuchangamsha baraza lolote la hapa, uliza ipi bora. Nimesikiliza hoja za pande zote na bado nasimama na Supa kwa sahani yangu, huku nikielewa kabisa kwa nini mwenye ada za shule za kulipa anapanda SARO.

Kutoka kwenye majaruba unauona mlima wote, na ni hapo panapofaa kuuzungumzia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za magari ndani. Unaingia kwa miguu. Maporomoko ya Sanje, jirani na hapa, yanaanguka mita 170 kwa mikupuo mitatu, na ni njia ya nusu siku kwa mtu mwenye pumzi ya kawaida. Nayapenda na ninamshauri kila mtu ayaone, mradi asitumie siku yake yote huko. Ndani ya msitu kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye hapatikani porini popote pengine duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani zake. Hapa Mkula huna haja ya kumfuata mbali, kwani mara nyingine yuko kwenye miti ya ukingoni, akiwatazama watu wanavyolima. Mwaka 2008 wanasayansi walitangaza aina mpya ya sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sengi wote waliojulikana kabla yake.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1979. Watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana walipousikia mlio ambao hawakuweza kuuweka kwenye mnyama yeyote wanayemjua. Waliusikia wakiwa na mwongozaji wao, mtu wa hapa. Yeye hakushangaa. Aliwaambia huyo ni ngolaga. Dunia ya sayansi ikampata kima mpya, leo anayeitwa kwa jina la kijiji cha Sanje hata katika jina lake la Kilatini, na habari ikaenea kuwa amegunduliwa. Watu wa chini ya mlima walikuwa wameshampa jina, wanajua anakula nini na anapita wapi. Ujuzi wa aina hiyo bado upo vijijini, na mgeni anayepanda mlimani bila kuzungumza na mzee hata mmoja wa chini anajinyima nusu ya alichokuja kukitafuta.

Tena watu hao ndio waliofungiwa mlango. Kabla ya hifadhi, msitu ulikuwa wa akiba, na wanavijiji waliingia kutafuta kuni, majani ya kuezekea na dawa. Hifadhi ilipoanzishwa, kuni zilibaki kuwa ruhusa ya pekee: wanawake waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo nayo ikaondolewa. Hoja ya hifadhi naielewa. Maelfu ya watu wakiingia kila wiki, vijito vinakanyagwa, miche inavunjwa, na katikati ya waokota kuni wanakuwamo wenye mitego na misumeno. Lakini lazima isemwe kwamba hesabu ya uhifadhi ule haikulipwa na mji wowote. Ililipwa na mwanamke wa Mkula, wa Sonjo, wa Msufini, wa Mang'ula, ambaye kuanzia siku ile alilazimika kununua alichokuwa akikiokota, au kutembea mbali zaidi kwenda upande wa tambarare, au kupanda miti yake mwenyewe na kusubiri ikue.

Wengi wamepanda. Ukitembea ndani ya kijiji utaona mitiki kwenye mipaka ya viwanja, mikaratusi, miembe ya zamani iliyopunguzwa matawi. Utaona pia milima midogo ya pumba nyuma ya mashine za kukoboa. Zamani zilikuwa taka. Siku hizi zinachomea matofali na kupikia, kwenye majiko ambayo wenyewe wameyabuni, kwa sababu haja ya kupika haikuondolewa pamoja na ruhusa.

Mchana nilikula kwa mama ntilie karibu na mashine mojawapo. Nje, kwenye maturubai ya bluu, mpunga ulikuwa umeanikwa, na binti mmoja alikuwa akiugeuza kwa miguu, akiuburuza unyayo wake kwa mistari iliyonyooka kutoka upande huu hadi ule. Ukikauka kupita kiasi utavunjika mashineni na kutoa chenga. Ukiwa mbichi utaoza stoo. Anapima kwa kung'ata punje. Ndani, kelele za mashine zilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walikuwa wakielewana kwa mikono. Chakula kilikuwa wali, perege wa kukaanga, matembele, na pilipili mbichi ya kuponda kwa chumvi na ndimu. Wali wa mpunga uliokobolewa mwezi huohuo una unyevu na utamu ambao mchele uliokaa ghalani mjini hauna tena. Mtu aliyekula wali maisha yake yote Dar es Salaam anaweza kugundua hapa kwamba hajawahi kuula ukiwa mpya.

Alasiri ni ya upande wa mashariki, kwenye reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mang'ula, jirani wa Mkula, palikuwa na kambi na karakana kubwa ya Wachina, na wazee wa maeneo haya waliofanya kazi ya kuchimba, kubeba na kumwaga zege bado wanaizungumzia kazi ya usiku na nidhamu ya wakati. Wakubwa waliijenga ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita kwa makaburu. Watu wa bonde waliipokea kwa matumizi yao. Kulikuwa na treni ya vituo vyote ambayo wenyewe waliiita Kipisi, iliyobeba ndizi, mchele, samaki wakavu, kuku na wenye kuku hao, na vijiji vingi vilikua kwa kuifuata. Mwanahistoria Jamie Monson ameliandika hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii. Kabla ya lami, huo ndio uliokuwa mshipa wa uchumi wa hapa.

Ng'ambo ya reli na mashamba ya miwa uko Magombera, msitu wa bondeni, mdogo, uliokuwa karibu kutoweka. Mwaka 2009 ulitangazwa ugunduzi wa kinyonga ambaye hakuwa amejulikana na sayansi, akapewa jina la msitu huohuo. Mtafiti Andrew Marshall alikutana na nyoka wa mtini aliyekuwa akimla. Nyoka aliposhtuka akamtema, na kinyonga huyo akawa wa kwanza wa aina yake kuandikwa. Nakieleza kisa hicho kwa kila mtu anayedhani kwamba kipande cha msitu kilichobaki kati ya miwa hakina thamani.

Tembo wanajua thamani yake. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakivuka kutoka Udzungwa kwenda Selous kupitia tambarare hii, na tambarare imejaa watu. Mang'ula wakulima wengine wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo humwogopa nyuki, na asali inayopatikana ni faida juu ya faida. Barabara mpya ya lami nayo imejengewa njia ya chini ya kupitia tembo karibu na Mang'ula, ili ushoroba uliobaki usikatwe. Mkulima aliyelala macho msimu mzima akilinda mpunga wake kwa debe na tochi hawezi kulazimishwa kumpenda tembo. Anaweza kusaidiwa asimchukie, na hilo linahitaji fedha zinazofika kwake kwa wakati, shamba likiwa bado halijaoza.

Kabla jua halijashuka nilipanda Coaster kwenda Ifakara, kwa sababu siku ya Mkula haijakamilika bila soko lake. Mchele wa vijiji vyote huishia huko, kwenye magunia yaliyosimama mistari mirefu, wanunuzi wakichovya kiganja, wakinusa, wakipuliza, wakitaja bei kwa sauti ya chini. Kitoga na kambale waliobanikwa wanatoka upande wa mto. Mwishoni mwa mji liko Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya Mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018. Miaka miwili tu kabla yake, Januari 2016, kivuko kilichokuwa kikivusha watu na magari hapo kilizama kwa dhoruba. Aliyewahi kusubiri kivuko kile na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Francis hahitaji kuelezwa maana ya daraja.

Kuna deni pia ambalo Ifakara na bonde zima wanaidai dunia, na dunia imelisahau. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alifungua hapa maabara ndogo ya magonjwa ya kitropiki, ambayo imekua na kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wake walijaribu kuuza kwa bei nafuu vyandarua vyenye dawa, vilivyopewa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka ya kawaida ya vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kubaki hai. Ushahidi uliotoka kwenye nyumba za udongo za bonde hili ulisaidia kuamua kwamba nchi nzima, na nchi nyingine nyingi, zigawe vyandarua. Mtoto aliyelala salama miaka hiyo kijijini Kisawasawa amewafaa watoto ambao hatawajua kamwe.

Nilirudi Mkula usiku. Gesti zipo, za kawaida, zenye ndoo ya maji ya mlima na chandarua juu ya kitanda, lakini nilikuwa nimealikwa kula na mwenyeji niliyeunganishwa naye na mama wa vitumbua, mwanamke wa makamo mwenye ekari moja na nusu kwenye skimu. Alikuwa akipika jikoni kwa mafiga, akisukumia kuni za matawi ya mitiki yake, na pembeni alikuwa na debe la pumba. Nilimweleza nilikopita. Alipendezwa na habari ya daraja, akanisahihisha kuhusu zamu za maji.

Huku nikizitazama kuni zile, nilikuwa nikiwaza habari ya Mto Rufiji. Maji yote ya upande huu wa Udzungwa huishia katika mto huo, na Mto Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji yake. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea maji hayo. Umeme wa viwanda vya Dar es Salaam unaanzia kwenye misitu ya namna hii, inayobaki imesimama kwa sababu kuna watu wameacha kuokota kuni ndani yake. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ningependa vijiji vinavyopakana na Udzungwa viwe mbele kwenye orodha hiyo, kwa ruzuku inayoonekana jikoni, na ningependa mgeni anayelipa kiingilio Mang'ula alale na kula katika vijiji hivi ili sehemu ya fedha yake ibaki huku.

Nikamuuliza mwenyeji wangu kama amewahi kupata mtungi wa gesi.

"Mtungi ninao, mwanangu, upo chumbani," alisema. "Wali naupikia gesi, chai naipikia gesi. Sasa hayo maharage unayoyaona hapo, nikiyabandika kwenye gesi mara mbili tu kwa wiki, mwezi hauishi bila kuujaza. Na kuujaza ni debe ngapi za mpunga?"